Hakimu wa Mapezi

1 Machi

Leo ni siku ya Bibi Machi, tunapofungana nyuzi za afya mpaka mti wa kwanza uchanue. Nimetoka nyumbani na mkoba wa nyuzi nyekundu na nyeupe kama mganga. Nimemfunga paka uzi shingoni, nikafunga mwingine kwenye kitasa cha mlango, nikamfunga mkononi jirani wa ghorofa ya tatu ambaye hanisalimii tangu Krismasi. Hakukataa. Uzi wa afya haukataliwi.

Nikitoka kazini kwenye duka la dawa nilishuka kwenye klabu yetu ya kurusha roketi ndogo, chini ya jumba la utamaduni. Bai Metodi (Bai ndivyo tunavyowaita wazee kwa heshima) alikuwa anasugua mapezi ya roketi kwa msasa, Rado anachemsha kahawa. Nikawafunga wote wawili. Kisha nikamfunga Hakimu.

Hakimu si mtu. Ni kifaa cha kunyooshea mapezi, na Bai Metodi alikichonga mwenyewe zamani akiwa fundi wa karakana ya reli: kitako kizito cha alumini, nguzo fupi ya chuma katikati, na vishikio vitatu vya kuizunguka. Unavalisha mwili wa roketi kwenye nguzo, unapachika pezi kwenye kila kishikio, unatia gundi, unakwenda zako. Ukirudi, mapezi yamekauka yakiwa wima. Kila roketi iliyowahi kuruka katika mji huu wa Gorna Luka imepita hapo, na ikitokea ubishi tunasema Hakimu hakosei, ubishi unaisha.

"Binti, kile ni chuma," Bai Metodi akacheka. "Afya ya nini?"

"Anatufanyia kazi kuliko Rado. Naye apate."

"Nimesikia!" Rado akapiga kelele kutoka kwenye jiko.

Uzi ulikuwa unateleza kwenye nguzo, nikailegeza nguzo kidogo, nikaukaza chini kabisa, nikarudisha. Ukakaa vizuri.

9 Machi

Theluji, eti. Bibi Machi na hasira zake.

27 Machi

Mti wa aprikoti nyuma ya zahanati umechanua! Nimekusanya nyuzi za watu wote, kama desturi inavyotaka, nikaenda kuzifunga tawini. Uzi wa Hakimu ulikuwa umekaza, nikauvuta kwa nguvu ukakatika. Mti umependeza kama bibi harusi. Mwaka huu utakuwa mzuri, nausikia mwilini.

12 Aprili

Sijui nianzie wapi. Masikio bado yanavuma.

Kila mwaka tunafungua msimu leo, siku ya wanaanga, kwenye shamba la Tsonko nje ya mji. Tsonko analima majani ya mifugo na kufuga nyuki, na shamba hilo tunaazimwa tangu enzi za baba yake. Mizinga iko ukingoni, upande ambao roketi yetu haijawahi hata kuutazama. Meya alikuja, na mwalimu wa muziki na tarumbeta yake. Bai Metodi aliisimamisha roketi kwenye fimbo ya kurushia, akaifuta kwa kitambaa, akarudi nyuma. Nikahesabu, nikabonyeza kitufe.

Ilipanda vizuri hadi kimo cha mnara wa kanisa. Halafu ikainama. Haikupepesuka, haikuyumba. Iliinama taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwamkia mkwewe, ikachora upinde angani na kuteremka moja kwa moja juu ya mizinga ya nyuki.

Kisha nyuki wakatoka.

Sijapata kumwona meya akikimbia. Sikujua kama anaweza. Mwalimu wa muziki alijifunika tarumbeta usoni, jambo ambalo halikumsaidia. Mimi niliingia chini ya meza ya vinywaji pamoja na mke wa meya, tukashikana mikono kama dada wa tumbo moja, na hatupendani.

Tsonko alikuja na wavu wake kichwani, mwekundu kwa hasira.

"Iskra! Hiki nini? Miaka yote hii, mara hii tu mmewaona nyuki wangu?"

"Ni upepo, Tsonko. Nitakulipa mzinga."

"Upepo ndani ya kichwa chako! Walipe nyuki, nao wameshaanza kujilipa: tazama sikio lako."

Ni kweli, lilikuwa limeanza kuvimba.

Bai Metodi peke yake hakukimbia. Alisimama palepale na sigara yake, akitazama juu, mahali ambapo roketi ilipinda. Nilipomfikia nikamwambia na yeye kwamba ni upepo.

"Upepo gani, binti? Moshi wa sigara yangu ulipanda wima."

13 Aprili

Wateja wote dukani wananiuliza sikio limefanya nini. Nimesema ni jino linauma.

20 Aprili

Bai Metodi ametengeneza roketi nyingine. Alitumia jioni tatu kwa kazi ya jioni moja. Alikata ubao mwepesi wa balsa kwa wembe, akasugua kila pezi mpaka likawa jembamba ukingoni, akayatia kwenye Hakimu na kuyachungulia kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Alitolewa mtoto wa jicho mwaka juzi na anasema sasa anaona hata dhambi za watu.

"Hii haitapinda," alisema. "Nimeilea."

Nimemwamini. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kushika gundi. Nilifika mji huu nimeachwa na mume, sijui mtu, na yeye akanipa kiti na kipande cha msasa bila kuniuliza lolote. Amekuwa ananiita binti tangu siku hiyo.

26 Aprili

Mvua. Tumekula mbegu za alizeti na kubishana kuhusu parachuti.

6 Mei

Siku ya Mtakatifu Georgi. Nina aibu ya kuandika, lakini nisipoandika leo kesho nitaamini kwamba nimeota.

Tsonko alikuwa ametusamehe. Alichinja mwana-kondoo, akamchoma mzima, akatandika meza ndefu chini ya mti wa jozi upande wa pili wa shamba, ng'ambo ya mizinga, akatualika klabu nzima. "Rusheni moja kabla ya kula," akasema, "ili tusherehekee kwa amani." Kwa usalama tukaweka fimbo ya kurushia katikati kabisa ya shamba na kuielekeza mbali na mizinga.

Roketi ilipanda. Ikafika kimo cha mnara wa kanisa. Ikainama.

Nilisema "Hapana" kwa sauti, kama mtu anayemkemea mbwa. Ikaendelea. Ikachora upinde uleule, kwa adabu ileile, ikaja mezani. Ilimchoma mwana-kondoo ubavuni na kusimama humo, mapezi matatu juu, moshi unafuka.

Mama yake Tsonko alijifanyia ishara ya msalaba. Mtoto wa mtu akauliza kama nyama bado inalika.

Tsonko aliing'oa roketi, akaifuta mafuta kwa leso, akanikabidhi kwa mikono miwili. Upole wake ulinitisha kuliko kelele za Aprili.

"Iskra, sikiliza. Mimi nina wajukuu wanaocheza hapa. Mkinirushia nyingine ya hivi, shamba basi. Na mashindano yenu ya Kombe la Septemba mtayafanyia bafuni kwenu."

"Haitatokea tena."

"Itatokea. Mtazame yule mzee wako anavyoshika kijiko."

Nikageuka. Bai Metodi alikuwa ameketi mwisho wa meza na bakuli la supu. Kijiko chake kilikuwa kinagonga ukingo wa bakuli, tik tik tik, kabla hakijafika kinywani. Sijui ni tangu lini. Nimekaa naye meza moja miaka ishirini na mbili na sikuwahi kukisikia.

8 Mei

Kikombe chake cha kahawa kinagonga kisahani.

11 Mei

Funguo zake zinagongana kabla hazijaingia mlangoni. Sasa nasikia kila kitu. Nimekuwa kama mtu aliyeambiwa kuna panya ndani.

15 Mei

Mvua tena. Rado amenivuta pembeni. Rado anatengeneza meno bandia hospitalini, ni mtu wa vidole, na ana miaka miwili tu klabuni.

"Dada Iskra, nani atasema, wewe au mimi?"

"Kusema nini?"

"Unajua nini. Mapezi yote matatu yameegemea upande mmoja. Nimeyapima. Ni kidogo, lakini roketi inakuwa kama mashua yenye usukani uliokwama. Hakimu hakosei. Kwa hiyo ni mikono iliyoyapachika."

"Labda aliyavuta wakati gundi haijakauka."

"Ndiyo nasema. Mikono inatetemeka, inavuta."

Nilimwambia anyamaze. Halafu nikalala nikiwaza shamba, Kombe, na klabu ya miaka arobaini ikifia mikononi mwangu mimi mwenyekiti.

25 Mei

Jana ilikuwa sikukuu ya herufi za lugha yetu, watu walitembea na maua. Leo tulikuwa na mkutano wa klabu na nimefanya jambo ambalo nilidhani ni la lazima. Bado nadhani hivyo. Naandika polepole.

Tulikuwa kumi na mmoja. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri: kupumzika, heshima, mshauri mkuu. Bai Metodi alinisikiliza akiwa amekunja kofia magotini. Nilipofika kwenye "kwa msimu huu Rado atapachika mapezi", akainua mkono kama mwanafunzi.

"Binti, si mikono."

"Bai Metodi, sote tunaona..."

"Inatetemeka, ndiyo. Inatetemeka tangu mwaka juzi. Lakini ikishika pezi inatulia. Nakwambia, si mikono."

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na nilitaka yaishe.

"Kama si mikono yako, ni ya nani?" nikasema. "Au sasa tumshtaki Hakimu?"

Wakacheka. Wote. Rado alicheka, mwalimu wa fizikia alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, na nilimwona akinitazama nikicheka.

Alisimama. Alivaa kofia. Akatoa ufunguo wa klabu kwenye mkufu wake. Ulimchukua muda kutoka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akauweka mezani.

"Hakimu abaki," akasema. "Atawafaa."

Nilimfuata hadi ngazini nikamwambia aje Jumanne, tutakunywa kahawa. Alipanda bila kugeuka.

27 Mei

Jumanne. Hakuja.

3 Juni

Hakuja. Nimeosha kikombe chake ingawa kilikuwa safi.

10 Juni

Nimempigia simu. Mkewe, Trendafila, amesema amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo!

22 Juni

Rado amemaliza roketi yake. Mapezi mazuri, gundi safi, hakuna hata tone lililomwagika. Hatukuthubutu kwenda kwa Tsonko. Tulikwenda kwenye mchanga wa mtoni, mimi na yeye tu, kama wezi.

Ilipanda hadi kimo cha mnara wa kanisa.

Siwezi kuandika zaidi.

23 Juni

Naandika. Iliinama. Upinde uleule. Ikaingia mtoni, na hatukuipata.

Tulisimama tukitazama maji. Nikamgeukia Rado.

"Umefanya nini?"

"Mimi? Nimepachika kama siku zote!"

"Uliharakisha. Una wagonjwa wako wa meno, ukaharakisha."

"Dada Iskra, vidole vyangu vinajenga meno ya watu, mtu anatafuna jozi nayo! Usinigeuzie kibao kama ulivyomgeuzia mzee."

Kumbe hata yeye anaona nimemgeuzia mzee kibao. Na ndiye aliyenishauri! Nimerudi nyumbani kwa miguu nikisema peke yangu barabarani.

6 Julai

Joto la kuchemsha ubongo. Nimeamua nitengeneze moja mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kugusa. Mikono yangu inapima dawa kwa miligramu kila siku. Tutaona.

19 Julai

Mchanga wa mtoni. Imeinama.

Nilikaa chini. Sikujali kama mchanga unachoma. Mikono ya mzee, mikono ya kijana, mikono yangu, na kosa ni lilelile, upande uleule, kama lilikuwa linatusubiri. Hapo, na ni hapo tu, nilikumbuka kicheko cha Mei. Au tumshtaki Hakimu?

Niliinuka, nikaacha kila kitu mchangani.

19 Julai, baadaye

Nimetoka mtoni moja kwa moja hadi klabuni. Nimemtoa Hakimu kwenye rafu. Nilichukua pembe ya mraba ya seremala na kuisimamisha kwenye kitako, nikaisogeza mpaka kwenye nguzo. Chini imegusa. Juu, upenyo. Nikazungusha upande mwingine: juu imegusa, chini upenyo. Nguzo imeegemea. Ni kidogo sana, lakini imeegemea, na vishikio viko wima. Kila roketi tuliyoivalisha humo ilisimama mshazari, na mapezi yakapachikwa wima kwenye mwili ulioinama.

Hakimu alikuwa anatudanganya, na sisi tulikuwa tunaapa kwa jina lake.

Nikaifungua nguzo. Ilikuwa imekaza, nikatumia koleo. Ilipotoka, chini yake, palepale inapokaa kwenye kitako, kulikuwa na kipande cha uzi kilichobanwa mpaka kikawa bapa. Nusu nyekundu, nusu nyeupe.

Sikuelewa mara moja. Nilikitazama kama kitu kilichoanguka kutoka mwezini. Nani ameweka uzi hapa? Nilijiuliza kweli, kwa hasira, nani huyu mpumbavu? Halafu nikajiona tarehe moja Machi, na mkoba wangu, nikilegeza nguzo ili uzi usiteleze. Nikajiona tarehe ishirini na saba nikivuta, ukakatika, nikaenda na nusu yake kwenye aprikoti nikiimba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi. Mimi niliyemfukuza mzee kwa sababu ya uzi nilioufunga ili tuwe na afya.

Nimelia, halafu nimecheka vibaya, halafu nimelia. Mhudumu wa jumba amefungua mlango, akaniona na koleo mkononi, akaufunga.

20 Julai

Nimekwenda kijijini kwake kwa basi la asubuhi. Trendafila alikuwa barazani anakata tikiti maji.

"Hayupo," akasema kabla sijafungua kinywa. "Kaa, kula."

"Yuko wapi?"

"Studena Voda."

Nilidhani nimesikia vibaya. Studena Voda ni mji ulio chini kidogo kufuata mto, na klabu yao ndiyo inayoshika nafasi ya pili nyuma yetu kwenye kila Kombe na kututukana kwenye kila karamu.

"Anafanya nini huko, shangazi?"

"Wewe unadhani anafanya nini, anacheza ngoma? Mkuu wao alikuja hapa Juni, akakaa ulipokaa wewe. Akamwambia, Bai Metodi, nasikia hawakutaki. Mume wangu alikuwa hajaoga siku nne. Akaoga, akaenda." Akanisukumia sahani. "Sikufichi, Iskra. Nilikuwa nakuombea mabaya kanisani. Halafu nikaacha, maana nilikuwa nalipia mishumaa bure."

Nikamweleza kuhusu uzi. Nilimweleza yote, na tikiti likinidondoka magotini. Aliacha kukata.

"Mungu wangu," akasema. "Uzi wa Machi?"

"Uzi wa Machi."

"Na alikuwa anaamka kila asubuhi ananyoosha mikono hivi mbele ya kioo, anaitukana."

21 Julai

Sikulala. Naiona ile mikono mbele ya kioo.

26 Julai

Nimempata. Nilikwenda Studena Voda, nikamngoja nje ya karakana yao. Alitoka na msasa mfukoni, amekonda, lakini amenyoa. Nilikuwa nimeleta kipande cha uzi kwenye kibati cha dawa. Nikakifungua mbele yake na kusema kila kitu kwa pumzi moja.

Alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga. Vidole vilitetemeka mpaka vilipokigusa. Vikatulia. Alisema kweli Mei, na macho niliyo nayo ni haya haya, ila sikuyatumia.

"Nilijua si mikono," akasema. "Hapa hawana Hakimu. Tunazungushia karatasi kwenye mwili wa roketi, tunaikunja sehemu tatu sawa, tunachora, tunapachika pezi mojamoja kwa kipande cha pembe ya fremu ya mlango. Ya kwanza ilipanda ikapotea. Nikakaa chini nikalia kama mtoto."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikwambia Mei."

Akanirudishia kibati.

"Hata mimi nilimwamini yule chuma kuliko mikono yangu," akasema. "Kwa hilo sikulaumu. Lakini mlicheka, Iskra."

Hakuniita binti. Nikamwomba arudi. Nikamwambia ufunguo uko, kikombe kiko.

"Ulisema mbele ya watu," akajibu. "Habari imefika hadi kwa kinyozi wangu. Sasa unataka kuifuta hapa ukutani, tukiwa wawili na paka?"

"Nitasema mbele ya watu. Kwenye Kombe. Kwa kipaza sauti."

"Basi sema," akasema, akaingia ndani.

10 Agosti

Tumeisafisha nguzo, tumeikaza, tumeipima kwa pembe. Rado amepachika mapezi, tumekwenda mtoni, imepanda wima. Hatukushangilia. Rado alisema tu, "Lazima na mimi nikamwombe radhi." Nikamwambia apange foleni.

17 Agosti

Tsonko amekuja mtoni kuangalia roketi tatu, akiwa na wavu wa nyuki kichwani kwa tahadhari. Zote zimepanda wima. Ametupa shamba kwa Septemba. Nilipomweleza kuhusu uzi alikaa juu ya jiwe na kupiga paja. "Mwana-kondoo wangu aliuawa mara mbili," akasema, "mara ya pili na Bibi Machi!"

30 Agosti

Nimeandika maneno ya kusema. Nimeyachana. Nimeandika tena.

7 Septemba

Kombe.

Watu walikuwa wengi, klabu sita, vikaango vya nyama vinafuka, pilipili hoho zinachomwa kwenye nyumba za jirani na harufu inakuja hadi shambani. Studena Voda walikuwa na fulana za buluu. Bai Metodi alikuwa kati yao, fulana yake kubwa mno, kola ya shati imetokeza juu. Kumwona na rangi ile kulinishtua kuliko nyuki.

Kazi yangu kama mwenyeji ni kufungua mashindano. Nilishika kipaza sauti. Meya alikuwa mstari wa mbele, karibu na gari lake, mlango wazi.

Nilisema: "Mwaka huu klabu yetu ilirusha roketi zilizopinda. Mnazikumbuka. Nilisimama kwenye mkutano nikasema ni mikono ya Bai Metodi. Yeye akasema si mikono, nikamfanyia mzaha, tukamcheka. Alisema kweli. Kosa lilikuwa kwenye kifaa, na kwenye kifaa nililiweka mimi, kwa uzi wa Bibi Machi. Mapezi aliyopachika hayakuwa na dosari hata moja. Bai Metodi, nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote."

Nilitarajia watu wacheke kwa sababu ya uzi. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisema "Ee Bwana" na kushika mkono wake, mahali uzi unapofungwa. Nadhani kila mtu pale alikuwa anakumbuka alifunga nini, na wapi.

Bai Metodi aliinamisha kichwa mara moja. Akavua kofia, akaivaa tena.

Roketi ya Rado ilipanda wima na kubaki hewani muda mrefu. Tuliongoza mpaka karibu na mwisho. Kisha wakaita Studena Voda, na yeye ndiye aliyekuja kuisimamisha. Aliifuta kwa kitambaa. Akarudi nyuma.

Ilitoka bila kusita. Ikapita mnara wa kanisa, na mwili wangu wote ulikuwa unasubiri iiname, kwa mazoea. Haikuinama. Iliendelea kupanda mpaka macho yakauma, ikawa nukta, ikawa hakuna, na muda mrefu baadaye parachuti ndogo nyekundu ikafunguka juu kabisa ikabaki inaning'inia. Nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa naruka. Rado alinivuta mkono akasema, "Dada, wametushinda," na nikamwambia, "Umeona? Umeona ilivyopanda?"

Walichukua Kombe. Niliwaacha wapongezane, kisha nikaenda kwake. Alikuwa anakunja waya wa kurushia, taratibu, kwenye kiwiko, kama alivyonifundisha. Nilimpongeza. Akanishukuru. Nikamwuliza, nikijaribu kufanya mzaha, ufunguo wake uendelee kuning'inia msumarini mpaka lini.

Aliweka waya chini. Uso wake ulikuwa mpole, na ndiyo maana sikujiandaa.

"Umesema vizuri leo, Iskra. Vizuri sana. Nimeridhika, sina kinyongo, ulale salama." Akaniwekea mkono begani, ukatulia. Nyuma yake mtu alimwita kutoka kwenye gari la buluu, injini inanguruma. "Acha niende sasa. Watu wangu wananisubiri."

Watu wangu. Miaka ishirini na mbili watu wake tulikuwa sisi.